Mstari Uliosimama katika Shamba la Bi Mwanahawa

Mwalimu wa shule yetu ameniomba niwaandikie juu ya kazi ya kupima ardhi, kwa kuwa nyinyi sasa mnajifunza mistari kwenye karatasi na mimi niliivuta kwa mikono. Nilimuuliza anataka kurasa ngapi. Akasema tano. Nikamwambia tatu. Tukakubaliana nne, na karatasi atoe yeye. Amenipa nne, nimezihesabu mara mbili, na moja imechanika pembeni. Basi mkiona maneno yamekatika, mlaumuni mwalimu wenu, msinilaumu mimi.

Jina langu Makame. Nilizaliwa Chole, hapa Mafia, na kabla sijashika mnyororo nilikuwa dalali wa samaki na mikeka pale pale Chole, wakati Mjerumani ndiyo kwanza ameizoea bendera yake. Udalali ulinifundisha kumtazama mtu mikono badala ya mdomo, na kutomwamini anayehesabu haraka. Nilipoingia kwenye kazi ya vipimo niliingia na tabia hizo mbili. Ya tatu nilikuwa nayo tangu tumboni, nayo ni wivu. Nitawaeleza habari zake, maana bila huo wivu hadithi hii ingekuwa ya nusu ukurasa.

Kwanza mnyororo. Ulikuwa wa chuma, mita ishirini, na watu wawili huubeba, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa mbele ana sindano kumi za chuma. Kila mnyororo unaponyooka yeye huchomeka sindano moja chini, kisha wanasonga, na wa nyuma akiifikia huing'oa. Wa nyuma akishakuwa na sindano kumi mkononi, mmekwenda mita mia mbili. Hakuna uchawi. Ila mnyororo uliokaa juani hurefuka kidogo, na ukirefuka shamba huonekana dogo. Kwa hiyo ukiona mtu anang'ang'ania kupima shamba la jirani yake saa saba mchana, muulize kwa nini asisubiri alasiri.

Aliyenifundisha ni Mzee Kombo, mtu wa Kanga, mrefu, mkimya, mwenye kukohoa anapotaka kukucheka. Mwezi wangu wa kwanza yeye alikuwa nyuma, mimi mbele. Tukafika mwisho wa shamba moja, yeye ana sindano tisa, mimi sina hata moja.

"Makame," akasema, "ya kumi umeiuza?"

"Wallahi nimechomeka zote, mzee."

"Basi turudi."

Tukarudi mnyororo kwa mnyororo chini ya minazi, mpaka pale nilipokuwa nimepatana bei ya dafu na mwenye shamba. Dafu lilikuwa chini, tupu, na sindano yetu imesimama ndani yake. Nilikuwa nimelitobolea, nikanywa, nikasahau. Mzee Kombo akakohoa njia nzima. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu sindano nikienda na nikirudi, na mpaka leo nikila dagaa nahesabu vichwa.

Bwana Mpima wetu, Mjerumani mwenye ndevu nyekundu na shingo iliyoungua, alikuwa na daftari jeusi. Kila shamba lilikuwa na jiwe la mwanzo, na kila pembe ya shamba iliandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni umbali kutoka kwenye jiwe kuelekea linakotoka jua. Ya pili ni umbali kuelekea kaskazini. Ya kwanza aliiita iksi, ya pili ipsiloni. Nyinyi mnasema eksi na wai. Ni watu wale wale, wamebadilisha kofia tu.

Kwa miaka sita nililitazama daftari lile kama mtu mwenye njaa anavyotazama sinia la wenzake. Nilijua kuvuta, kunyoosha, kupanga fimbo za bendera hata fimbo tatu zionekane moja. Kusoma nilijua, kwa herufi za Kiarabu, chuoni. Namba za Kizungu nilijifunza mwenyewe, kwa kumchungulia Bwana begani. Nilijiambia kwamba siku Bwana atakapotaka mtu wa kulishika daftari, atatazama kulia, atatazama kushoto, ataniona mimi.

Akamleta Salehe.

Salehe alikuwa mtoto wa wavuvi wa Bwejuu, kisiwa ambacho ukipiga chafya upande huu wanakuitikia upande wa pili. Alisomeshwa bara, shule ya serikali, akarudi na kanzu iliyopigwa pasi na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka tisa. Alinisalimia vizuri, na hilo lenyewe lilinichoma. Nilitaka awe na kiburi ili nipate pa kushika. Siku ya kwanza tu, Bwana akampa daftari. Mimi nikapewa kikapu cha vigingi.

Nitasema kweli kuhusu wivu wangu, msidhani nilikuwa nao kidogo. Nilihesabu mara ambazo Bwana alimsifu. Mimi kwa miaka sita alinisifu mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anamsifu punda aliyesimama nyuma yangu. Salehe alisifiwa mara nne katika wiki moja. Nilirudia hesabu usiku kitandani, zikabaki nne. Hata Mzee Kombo, ambaye nilimhesabu kuwa wangu, alisema siku moja tukiwa tunakula muhogo:

"Huyu kijana ana akili iliyonyooka."

"Hata kamba hunyooka, mzee," nikasema, "mpaka uiachie."

Akakohoa. Sikujua anamcheka nani.

Sasa njooni kwenye mstari. Shamba la Bi Mwanahawa lilikuwa karibu na Kirongwe. Alikuwa mjane wa makamo, ana ng'ombe watatu waliolisha chini ya minazi kama ilivyo desturi yetu, na kisima cha maji matamu upande wa kaskazini wa shamba. Jirani yake alikuwa Seif, tajiri mwenye asili ya Manga, Uarabuni, ambaye shamba lake lilikuwa limelikumbatia la mjane pande mbili, magharibi na kaskazini. Zamani kwetu hakuna aliyegombania ardhi. Watu walihesabu minazi. Ulirithi minazi arobaini, uliuza minazi kumi, na ardhi ilikuwa ni kitu cha kusimamishia minazi tu. Mjerumani alipotaka ardhi yenyewe iandikwe, ndipo mpaka ukawa neno zito.

Mpaka wa magharibi kati ya Seif na Bi Mwanahawa tuliupima wakati wa kusi, Bwana mwenyewe, Mzee Kombo na mimi, kabla Salehe hajaja. Ulianza kwenye namba mbili hizi: mia mbili arobaini, sitini; ukaishia kwenye hizi: mia mbili arobaini, mia tatu. Yaani ukitoka kwenye jiwe la Seif unakwenda mashariki mita mia mbili arobaini, kisha unageuka, unapanda kaskazini moja kwa moja, kutoka sitini mpaka mia tatu. Miguu yangu iliujua mstari ule. Tulichomeka vigingi vya mti. Mchwa wakala vyote kabla mwaka haujaisha.

Bwana akawa na safari ya Jibondo, akamchukua Mzee Kombo. Jumatano kabla ya kupanda mashua akamwachia Salehe kazi: aandike kanuni ya mpaka ule, atupe sisi, tufyeke mkuza, tusimamishe vigingi vya mawe visivyoliwa. Mkuza ni ile njia nyembamba inayokatwa ili fimbo ionane na fimbo. Kilichosimama ndani ya mkuza hukatwa, kiwe kichaka, kiwe mnazi. Ndiyo ilikuwa amri.

Alhamisi asubuhi Salehe akaja na karatasi. Ilikuwa imeandikwa, kwa herufi zenu: wai ni mia mbili arobaini.

"Tutoke kwenye jiwe," akasema, "twende kaskazini mia mbili arobaini, halafu tugeuke mashariki, tufyeke mbele kwa mbele."

Nilivuta mnyororo kwenda kaskazini. Nilipofika mwisho nikasimama. Nikahesabu sindano. Nikazihesabu tena. Salehe alikuwa nyuma yangu, akaniangalia.

"Kuna nini, Kaka Makame?"

Nilikuwa nimekwisha kujua. Tulitakiwa tuwe mashariki ya jiwe, tukitazama kaskazini. Tulikuwa kaskazini ya jiwe, tukitazama mashariki. Mstari wetu uliokuwa umesimama alikuwa ameulaza.

"Umehesabu mara mbili?" nikamuuliza.

"Mara tatu."

"Basi vizuri," nikasema. "Mara tatu zinatosha."

Nikageuka mashariki, nikaanza kuvuta.

Kijana mmoja alinishika hapa siku nilipoisimulia kwa mdomo, akaniuliza: msomi kama yule alikoseaje? Sikilizeni, maana na nyinyi mtakosea hivyo hivyo, nimeona madaftari yenu. Salehe, kama alivyonieleza baadaye, alifundishwa kanuni ya kutafuta mwinuko wa mstari: chukua namba za kaskazini, toa moja kwa nyingine; chukua za mashariki, toa moja kwa nyingine; gawanya za juu kwa za chini. Juu akapata mia tatu kutoa sitini, mia mbili arobaini. Chini akapata mia mbili arobaini kutoa mia mbili arobaini, sifuri. Gawanya kwa sifuri! Hata dalali wa Chole hawezi kugawa samaki kwa watu ambao hawapo. Akafuta, akarudia, sifuri ile ile. Usiku umekwenda, taa imekwisha mafuta. Akatazama karatasi, anaona mia mbili arobaini kila mahali. Akajiambia: mstari unapanda kaskazini, na herufi ya kaskazini ni wai, basi wai ni mia mbili arobaini.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mstari uliosimama unakwenda upande wa wai, kwa hiyo wai yake haitulii: sitini, mia, mia mbili, mia tatu, inabadilika kila ukipiga hatua. Kitu kinachobadilika hakiwezi kuwa jina la mstari. Tembea juu yake kichwani mwako, pembe kwa pembe, ujiulize ni namba gani haikuachi. Mashariki ni mia mbili arobaini mwanzo, mia mbili arobaini katikati, mia mbili arobaini mwisho. Andika hivyo tu: eksi ni mia mbili arobaini. Wai usiitaje kabisa, wala usitafute mwinuko, hauna. Sifuri ikikutokea chini usigombane nayo. Inakuambia kwamba mstari umesimama wima na hesabu ya kugawa haihitajiki.

Mimi kanuni sikuwa nayo. Nilikuwa na miguu tu. Lakini nilijua, na nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa kuwa niliona Bwana akirudi Jumapili, anakuta mkuza umelala, anamnyang'anya Salehe daftari mbele ya watu wote. Niliuona mkono wake ukilileta kwangu. Alhamisi nzima nilifyeka nikiwa na furaha kama mtu wa harusi. Na Alhamisi haikumuumiza mtu: tulikuwa bado ndani ya shamba la Seif, na minazi ya Seif imepandwa kwa safu, mkuza ukapita katikati ya safu mbili bila kugusa kitu. Nokoa wa Seif, msimamizi wake, alitufuata akitabasamu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu: mstari ule ukiendelea hivyo mashariki, utakata kipande chote cha kaskazini cha Bi Mwanahawa, mita sitini, kisima ndani yake, kimwendee bwana wake.

"Kazi nzuri," nokoa akaniambia.

"Ya Salehe," nikasema. Sikutaka sehemu yangu.

Ijumaa hatukufanya kazi. Tuliswali safu moja, Salehe na mimi, bega kwa bega. Baada ya swala akanishika mkono akaniuliza mama yangu anaendeleaje na mguu. Nilikuwa na Ijumaa nzima ya kusema. Niliijaza kwa kumwonea wivu hata kwa kuwa amemkumbuka mama yangu.

Jumamosi tukaingia kwa Bi Mwanahawa. Minazi yake haikuwa na safu. Marehemu mumewe alipanda alipopenda. Mnazi wa kwanza ulikuwa mzee, umekwisha kuzaa. Ukaanguka. Bi Mwanahawa akatoka ndani na ufagio mkononi.

"Nyinyi! Mnapita wapi? Mpaka wangu uko kule, unakwenda juu, haupiti katikati!"

Salehe akamwamkia kwa adabu, shikamoo mama, akamwonyesha karatasi. "Ni daftari la Bwana, mama. Pembe zote zimo."

"Mimi sisomi. Lakini Makame alikuwepo. Makame! Si ulikuwepo na Bwana?"

Watu wote wakanitazama. Nikainama nikafunga kamba ya kikapu ambacho hakina kamba.

Mfyekaji wetu mwenye shoka akapiga wa pili. Ulikuwa mnazi mwembamba, umeinama kidogo, una madafu mengi. Ulipoanguka Bi Mwanahawa hakupiga kelele. Alikaa chini mchangani pale pale, na ufagio wake.

"Hapo pana kitovu cha Hamisi," akasema.

Kwetu mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi, na mnazi huo huitwa kwa jina lake. Hamisi alikuwa mwanawe wa pekee. Alichukuliwa kubeba mizigo bara, na mwaka wa nne ulikuwa unapita hajaleta hata salamu.

Mwenye shoka akasogea kwenye mnazi wa tatu. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Sitawaambia kwamba ni ushujaa. Ulifunguka kama mlango uliosahauliwa komeo.

"Salehe, simamisha. Mstari umelala huu. Unatakiwa usimame."

Salehe hakubisha. Nilitaka sana abishe. Alifungua daftari, akakaa juu ya gogo la mnazi uliokatwa, akatembeza penseli kutoka pembe hadi pembe. Kisha akasimama.

"Kosa ni langu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, nokoa wa Seif akiwemo. "Watu hawa wamefuata karatasi yangu." Akamwendea Bi Mwanahawa, akapiga magoti mchangani na kanzu yake ya pasi, akamshika miguu. "Nisamehe, mama."

Hata kukosea alijua kuliko mimi.

Bi Mwanahawa alimtazama. Halafu akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu, umeliona lini?"

"Sasa hivi, mama," nikasema. "Nilipolitazama jua."

Salehe akainua kichwa. Alikumbuka sindano nilizozihesabu mara mbili Alhamisi. Niliona machoni mwake anakumbuka. Akatazama chini tena.

"Mungu akubariki kwa jicho lako, Makame," Bi Mwanahawa akasema. "Lau si wewe, kisima changu kimekwenda."

Jumapili Bwana akarudi, Salehe akamweleza yote mwenyewe, na akataja jina langu kuwa ndiye niliyeokoa shamba. Bwana alifoka mpaka ndevu zikatetemeka, akamkata Salehe posho, akaamuru mkuza mpya. Daftari hakumnyang'anya. Alisema mtu aliyekwisha kukosea hivyo hatarudia, na wengine bado hajui watakosea vipi. Mimi nilipewa shukrani, kwa mkono. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu aliyesifiwa kuliko wote Mafia, na sikula.

Siku tulipovuta mstari wa kweli, mashariki mia mbili arobaini kisha kaskazini, Salehe alikuwa mwisho wa pili wa mnyororo. Nilimuuliza nikiwa nimempa mgongo:

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?"

"Unajua."

Mnyororo ukanyooka. Akasubiri nichomeke sindano.

"Ningesema," akajibu, "leo mwisho huo angeushika nani?"

Nikamwonea wivu hata kwa jibu lile. Nililitafutia bei, sikuipata.

Wiki iliyofuata nilichagua miche miwili ya minazi, nikamgomea mwenye miche mpaka akanipa iliyo bora, nikaipeleka kwa Bi Mwanahawa. Nilifika asubuhi. Kando ya visiki viwili nilikuta miche miwili imekwisha kupandwa, chumvi na majivu vimetiwa kwenye shina, mchanga bado una maji.

"Salehe amepita alfajiri," akasema Bi Mwanahawa. "Na hiyo yako panda. Nafasi ipo, kule karibu na kisima."

Akanipa jembe. Nikachimba. Alisimama pembeni akitazama, na mimi nikachimba haraka kuliko nilivyozoea, kwa sababu nilikuwa na neno na sikutaka anitazame usoni nikilitoa.

"Mama," nikasema, "nililiona Alhamisi."

Jembe langu likasimama. Ng'ombe mmoja alikuwa anatafuna karibu nasi, na nilisikia kila mtafuno. Bi Mwanahawa alitazama mche, akatazama mahali penye kisiki cha Hamisi, akarudi kutazama shimo.

"Hilo shimo halijafika," akasema. "Chimba."